Wiki kumi na boksi la chalenji za uinjinia kwa watoto wa msingi: zuri, ila picha zake zifiche

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aondoke: boksi ni zuri, kadi zake nyingi zina akili, ila ukilitumia vile walivyoandika wenyewe linakula nusu ya utamu wake. Picha za mgongoni mwa kadi zifiche, vifaa viongeze, na yale magurudumu ya gari la puto yatoe kabla mtoto hajayaona. Nyota tatu na nusu kwa tano. Anayetaka kujua kwanini akae vizuri maana nina mengi.

Jina silitaji. Kuna sehemu nalilalamikia na sitaki ionekane nimetumwa na mshindani wao, afu hata hivyo haya maboksi yanafanana sana. Kadi 12 za rangi, kila kadi chalenji moja, na ndani kuna mirija ya karatasi, vijiti bapa vya mbao, uzi, foili iliyokatwa vipande vya mraba, puto, seloteipu, rababendi, udongo wa kufinyangia, nati za chuma za kuwekea uzito, kapi mbili za kupitishia kamba na magurudumu ya plastiki. Mimi nakaa na watoto 16 mara moja kwa wiki baada ya vipindi, wa miaka 7 mpaka 11 wamechanganyika humo humo, wengine wanapima kwa rula vizuri tu na wengine rula kwao bado ni upanga. Tumefanya chalenji kumi. Mbili hatukuzigusa, nitafika huko.

Sasa, jalada linajigamba eti limefuata viwango vya sayansi vya Marekani vilivyotoka mwaka 2013, vile wanavyoviita NGSS. Nikasema haya, tukupime kwa kipimo ulichokuja nacho mwenyewe. Kwa watoto wa darasa la tatu mpaka la tano, upande wa usanifu wa kiinjinia vile viwango vinadai mambo matatu: mtoto aweze kulieleza tatizo pamoja na vigezo vya kufaulu na mipaka ya vifaa au muda au gharama, halafu aje na suluhisho zaidi ya moja azilinganishe, halafu afanye majaribio ya haki, yaani anabadilisha kitu kimoja vingine anaviacha vilivyo, aone ni wapi panafeli ili arekebishe hapo hapo. Matatu tu. Na ndo yalinisaidia kuelewa kwanini wiki zingine zilinoga na zingine nilirudi nyumbani nimenuna.

La kwanza boksi limelipatia kwelikweli, tena hapa nawavulia kofia. Kadi ya mnara kwa mfano haisemi "jengeni mnara mzuri", inasema mnara usimame wenyewe bila kushikwa, ufike sentimita 60, ubebe donge la udongo juu kwa sekunde 30, kwa vijiti 20 na seloteipu mita moja, basi. Unaweza ukaona ni kitu kidogo ila waliowahi kufundisha wanajua, chalenji isiyo na kipimo inageuka mashindano ya kumpendeza mwalimu, kila dakika "ticha, hivi?", "ticha, sisi tumeshinda?". Kwa hii kadi hakuna aliyeniuliza. Walikuwa na rula na saa, wakipima wanajua, wakishindwa wanajua, mimi nikawa sina kazi nikaanza kuokota takataka.

Ila sasa geuza kadi.

Mgongoni kuna picha kubwa ya rangi ya mnara uliokwisha kujengwa. Umenyooka, una pembetatu zimepangwa kama umechorwa na kompyuta, na watoto wawili wanacheka pembeni. Wiki ya kwanza mimi mjinga nikagawa kadi kama zilivyo. Vikundi vinne, na baada ya dakika ishirini minara minne ya aina moja, aisee, moja kabisa, tofauti ni usafi tu. Mbaya zaidi kikundi kimoja mnara wao ulisimama, ukafika sentimita 64, donge likakaa sekunde zake 30 zote, na bado walikuwa wamenuna kwa sababu haufanani na picha. Kale kabinti kalikokuwa kameshika seloteipu kakaniambia, "umekosea hapa kona, kwenye picha haiko hivi." Umefaulu kila kigezo halafu unaambiwa umekosea, na anayekukosoa ni karatasi! Hapo nikaelewa hawa watu wameandika upande mmoja kwa akili upande wa pili wakaufuta wenyewe.

Wiki iliyofuata nikachukua karatasi na gundi nikabandika migongo ya kadi. Tukafanya daraja. Vikundi vinne, madaraja manne hayana hata undugu. Moja lilikuwa baya la kutisha, limening'inizwa kwa uzi kutoka kwenye migongo ya viti viwili, kadi haikukataza, nikaacha. Sasa ndo ukawa na kitu cha kulinganisha, maana huwezi kuwaambia watoto walinganishe suluhisho nne wakati zote ni nakala ya picha moja. Kwa hiyo jambo la pili la vile viwango boksi linalo, ila limelifunika. Kazi ya kulifunua imebaki kwa mwalimu.

Kuna lingine nimejifunza hapo hapo, halimo kwenye mwongozo wao. Kabla ya kuwaweka kwenye vikundi mpe kila mmoja dakika tano achore la kwake peke yake, kimya, hata kama anachora vibaya. Usipofanya hivyo mtoto mmoja mwenye sauti anatawala na watatu wanageuka washika mkasi. Wakishachora wanaingia kwenye kikundi kila mtu ana karatasi yake mkononi ana cha kutetea. Ugomvi unaongezeka, sikatai, ila ni ugomvi wa maana.

Jambo la tatu, majaribio ya haki, hapo boksi linachechemea. Daraja tena. Kadi inasema tumia karatasi mbili za A4, ziweke juu ya vitabu viwili, uone zinabeba nati ngapi. Umbali kati ya vitabu? Haijasema. Basi bana, kikundi kimoja kikatangaza "letu limebeba nati 60!", shangwe, kelele, meza zinapigwa, kumbe wamesogeza vitabu vimebaki na upenyo wa vidole vinne. Wenzao wameacha sentimita 30 na wamebeba nati 9. Kesi ikaja kwangu. Nilivyowauliza mmebadilisha nini wakajibu wamekunja karatasi kama feni, wameziweka mbili pamoja, na wamesogeza vitabu. Vitu vitatu kwa mpigo, sasa sifa unampa nani? Ikabidi tuandike kwa chaki, upenyo ni sentimita 20 kwa wote, turudie. Na hapo ndo ikaonekana kilichobeba kweli ni ile mikunjo ya feni. Karatasi bapa inainama hata kwa nati tatu, ukiikunja feni karatasi ile ile inabeba lundo, kwa sababu umeipa kimo. Kwa wale wakubwa wa miaka 11 niliwadokeza kwamba boriti ya upana ule ule ukiiongezea kimo mara mbili ugumu wake wa kutopinda unapanda mara nane, wakanitazama kama mganga. Lakini mmoja akaenda akakunja mikunjo mirefu zaidi ajaribu mwenyewe, na nati zikaongezeka, mpaka akapitiliza mikunjo ikawa mirefu sana inalala upande. Nayo hiyo ni elimu.

Mtu akiniuliza boksi lote linunuliwe kwa sababu ya kadi gani nitamwambia boti ya foili. Hii imetuchukua wiki mbili na nusu, na iliyopangwa ni dakika 45. Unapewa kipande cha foili cha sentimita 15 kwa 15, unda boti, iweke kwenye beseni, ongeza nati moja moja mpaka izame. Kila nati gramu 5, nilizipima. Ubaya wa picha hapa hakuna maana nilishaibandika. Raundi ya kwanza kila mtu akatengeneza boti yenye sura ya boti, ncha mbele, ncha nyuma, wengine wakaweka na mlingoti wa kijiti. Zikazama na nati 8, 11, 6. Kelele za "ticha, imezama!" zilisikika mpaka nje. Kilichonifurahisha ni kwamba kuzama ni haraka. Dakika moja umezama, dakika moja umechukua foili nyingine, unaunda tena, na mtoto anakumbuka bado ni kona ipi iliingiza maji. Hiyo ndo siri ya hii chalenji kwa maoni yangu, kufeli hakuna gharama na sababu inaonekana kwa macho.

Raundi ya pili mlingoti ukatoweka wenyewe. Raundi ya tatu zikaanza kuwa mabakuli, halafu visahani, halafu maboksi. Sasa kale kajamaa ka miaka 9, kasiokuwa na makuu kabisa darasani, kakauliza kuta ziwe ndefu au fupi. Swali la dhahabu. Ukiinua kuta ndefu sakafu inakuwa ndogo, ukipanua sakafu kuta zinakuwa fupi, foili ni ile ile. Tukaliweka ubaoni kama hesabu ya ujazo, wanaijua tayari, urefu mara upana mara kimo. Kuta za sentimita 1 sakafu inabaki 13 kwa 13, ujazo 169. Kuta za sentimita 5 sakafu inabaki 5 kwa 5, ujazo 125. Kuta za sentimita 2 na nusu sakafu 10 kwa 10, ujazo 250, na hapo ndo kilele, huwezi kupata zaidi kwa boksi la mraba. Na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja, ile boti kinadharia inabeba karibu gramu 250 kabla maji hayajafika ukingoni, yaani nati kama 50. Watoto wakakimbia kwenye beseni. Waliofanikiwa zaidi walifika nati 38. Mbona sio 50? Hapo nikapata nusu saa nyingine ya bure: kuta zinabonyea nje, kona zinavuja, nati zimerundikwa upande mmoja boti inainama maji yanaingia kabla ya wakati wake. Wakaanza kuzipanga nati kwa mistari kama askari. 41. Bado wananidai turudie.

Hiyo nusu saa ya kutafuta nati 12 zilizopotea wapi, mimi ningelinunua boksi kwa ajili yake peke yake. Lakini tazama sasa, boksi limekuja na vipande 8 tu vya foili. Vinane! Kwa watoto 16! Na kwenye kadi wamechora ule mduara wa hatua za uinjinia, uliza, waza, panga, unda, boresha. Hatua hizo tano sio zao, ni zile zile za mpango wa Engineering is Elementary wa jumba la makumbusho la Museum of Science, Boston, ulioanza mwaka 2003, na ni nzuri kwa sababu ni mduara, ukifika "boresha" unarudi juu unauliza tena. Unachora mduara halafu unatoa vifaa vya raundi moja, huo mduara unazungukaje? Seloteipu ni hivyo hivyo, uzi hivyo hivyo. Mimi foili nilikwenda jikoni kwangu nikachukua roli zima nikakata kwa rula. Ukinunua hili boksi hesabu kabisa kwamba unanunua raundi ya kwanza tu, raundi ya pili na ya tatu ni juu yako, na watoto wanaanza kujifunza kuanzia ya pili.

Kuna lile zoezi maarufu la tambi lililobuniwa na Peter Skillman na kuvumishwa na Tom Wujec kwenye hotuba yake ya TED, watu wanne, tambi 20, dakika 18, jenga mnara mrefu uwezavyo na juu ikae mashimelo, ile pipi laini kama sifongo. Wahitimu wa shule za biashara wanashindwa na watoto wa chekechea, na sababu anayoieleza Wujec ni kwamba wakubwa wanapanga sana, mashimelo wanaiweka dakika ya mwisho, mnara unaanguka, na muda umeisha. Watoto wadogo wanaiweka mashimelo tangu mwanzo, wanajaribu, unaanguka, wanajenga tena. Mimi hicho nimekiona kwenye mnara wetu wa vijiti, wale wa miaka 7 walikuwa wanaweka donge kila baada ya vijiti vitatu, wale wa miaka 11 wakawa na kikao kama wabunge. Ila zingatia, hao wadogo wanaweza hivyo pale tu vifaa vikiwepo vya kuanguka navyo.

Haya sasa gari la puto. Jamani.

Wazo ni zuri, puto linatoa hewa nyuma gari linakwenda mbele, sheria ya tatu ya Newton mtoto anaiona kwa macho. Kadi inataka gari lisafiri mita 2. Magurudumu ya plastiki yaliyokuja, tundu la katikati ni pana kuliko ekseli. Sio kidogo, gurudumu linacheza kama jino bovu. Ukilibana na udongo haliviringiki, ukiliacha linalala upande. Watoto walijaribu wiki nzima, walibadilisha puto, mrija, urefu wa gari, uzito, yaani walifanya uinjinia wote mnaoujua ninyi, na gari likasogea sentimita 40 likageuka kushoto likasimama. Mmoja akalia. Mwanzo nilijipa moyo kwamba kufeli ni sehemu ya mchezo, si ndo tunavyowaambia kila siku? Baadaye usiku nikiwaza nikaona hapana, sio kweli. Kuna kufeli kwa mtoto na kuna kufeli kwa kiwanda. Boti ikizama kwa sababu umeifanya kuta fupi, hiyo ni yako, kesho utairekebisha. Gari likikataa kwa sababu tundu limetobolewa vibaya, mtoto hana cha kurekebisha, anachojifunza ni kwamba hata ufikiri vipi haisaidii, na hilo sitaki alijifunze kwangu. Tukayatoa magurudumu tukatumia vifuniko vya chupa vilivyotobolewa katikati kwa msumari, kijiti cha mshikaki kikapita ndani ya mrija ili kizunguke laini, magari matatu kati ya manne yakapita mita 2 na moja likagonga ukuta. Niliwaandikia wauzaji niombe magurudumu mengine, jibu likawa vipuri haviuzwi peke yake, ninunue boksi jipya. Sawa.

Na hapo hapo kwenye puto, onyo ambalo wameliandika kwa herufi za sisimizi: puto lisilopulizwa au vipande vya lililopasuka vinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 8. Boksi limeandikwa kuanzia miaka 6. Mimi wadogo nilikuwa nawapulizia kwa pampu na vipande nilikuwa naokota mwenyewe pale pale. Uliza pia kama kuna mtoto mwenye aleji ya mpira.

Yai. Kila mtu anaipenda kadi ya yai na mimi naipenda ila nusu nusu. Linda yai lisivunjike likidondoshwa kutoka mita 2. Inaonekana kimo kidogo, lakini kwa mita 2 yai linafika chini kwa mwendo wa kama mita 6 kwa sekunde, sio mchezo. Wote wanakimbilia pamba, wanalivika yai makoti manne, na linapasuka. Yule aliyefaulu alilitengenezea miguu ya mirija ya karatasi iliyopinda yenyewe ilipogonga sakafu, yai likachukua muda kidogo zaidi kusimama, na huo muda kidogo ndo uliomwokoa. Magari ya siku hizi mbele yanatengenezwa yabonyee makusudi kwa sababu hiyo hiyo, niliwaambia hivyo wakashangaa walidhani gari linalobonyea ni gari bovu. Shida ya kadi ni kwamba inataka udondoshe mara moja, yai moja, kwaheri. Ukishavunja umefeli, hamna raundi ya pili, na unafeli mbele ya wote. Mimi nilifunga kila yai kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, raundi mbili za kwanza wakatumia donge la udongo lenye uzito wa yai wakiangalia limebonyea wapi, la tatu ndo yai lenyewe. Na wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni, yai bichi si kitu cha kuchezea, kadi haijasema neno.

Parachuti ni sawa tu, safi, haina makuu. Njia ya gololi ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa sababu wamegeuza swali, wanataka gololi ichelewe kufika, sekunde 10 angalau, na watoto wakawa wanabandika vitambaa njiani ili iburuzike. Kamba ya kuteleza ikafa ndani ya dakika kumi na tano maana wote walipata jibu moja. Chujio la maji linapendeza ila liwe na mtu mzima wa kusimama pale na kusema kwa sauti kwamba maji yakionekana meupe sio kwamba yamekuwa ya kunywa, kwa sababu mchanga na pamba vinatoa tope, haviui vijidudu, na nilimkuta mtoto kainua kikombe.

Zile mbili tusizozigusa ni kirusha mpira na meza ya tetemeko. Ya kwanza ni vijiti na rababendi zilizovutwa karibu na macho, boksi halina miwani hata moja, sikujisikia. Ya pili trei ya kutikisia ilifika imepasuka.

Umri wa miaka 6 mpaka 12 ulioandikwa juu msiuamini. Mtoto wa miaka 6 hafungi fundo la uzi mwembamba ule, na mkasi waliouweka ni mgumu hata kwa mimi. Wa miaka 11 mnara wa vijiti 20 anaumaliza anakuuliza kinachofuata. Nilichofanya ni kucheza na mipaka badala ya kubadilisha chalenji, wakubwa nikawakatia seloteipu ikabaki nusu mita, wadogo nikawaachia yote. Nusu mita tu ya seloteipu imetosha kuwafanya waache kubandika ovyo wafikirie viungo. Muda nao usiamini dakika zao 45, weka saa moja na robo, na katika hiyo dakika 15 ni za kufagia.

Kuna atakayeuliza si bora nifanye bila boksi. Unaweza. Mnara, daraja, boti, yai, parachuti, njia ya gololi, chujio, zote hizo ni vitu vya ndani ya nyumba, na magari nimeshakwambia yalitembea yalipoachana na vifaa vya boksi. Unacholipia ni yale maandishi ya upande wa mbele wa kadi, vigezo vilivyopimwa vizuri, ambavyo mimi binafsi ningekaa usiku mzima kuvitunga na bado ningekosea. Na unalipia zile kapi mbili, ambazo kwa kweli ni kapi hasa, zina mfereji laini na zinazunguka bila kukwama.

Tulifanya ya kapi wiki ya kumi. Inua ndoo ya vitabu mpaka urefu wa meza ukitumia nguvu kidogo iwezekanavyo, una kapi mbili na kamba. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Walifunga kapi moja juu kwenye bomba, ndoo ikabaki nzito vile vile, wamegeuza tu upande wa kuvuta. Dakika ishirini za kuhangaika, kamba inachomoka, mtu anakanyagwa, halafu kikundi kimoja kikafunga kapi ya pili kwenye ndoo yenyewe, ikawa inapanda pamoja nayo, na ghafla binti wa miaka 8 anainua vitabu vyote kwa mkono mmoja anacheka. Akavuta, akavuta, akasimama. "Ticha, mbona navuta kamba nyingi halafu ndoo inapanda kidogo?" Wakachukua rula wakapima, kamba sentimita 80, ndoo sentimita 40. Nikaenda kuigeuza kadi niangalie niliibandika vizuri. Sikuwa nimeibandika. Ndo kadi pekee kwenye boksi zima isiyokuwa na picha mgongoni, nadhani walisahau kuichapa.